Binamu wa Prodyuza

— Huyu ni binamu yangu, anatoka Ahero.

Wechuli aliwaambia hivyo wasanii waliojaa studio yake pale Kaloleni, Kisumu, na mimi Naswa, mpenzi wake wa miaka mitatu, nimesimama hapo na birika la chai. Moyoni nikasema, wewe ngoja.

Alikuwa anatengeneza ridim, yaani biti moja ya dancehall ambayo kila msanii anaiimbia wimbo wake, kisha nyimbo zote zinatoka pamoja kama albamu. Wimbo wangu ulikuwemo. Baadaye akanieleza eti wasanii wakijua mimi ni wake, watasema nimepewa nafasi kwa mapenzi, si kwa sauti. Akaniomba nivumilie mpaka uzinduzi. Lakini binamu jamani! Kwetu binamu ni dada kabisa. Haolewi, hata kumtongoza ni aibu. Na Wechuli anajua.

Uongo wake ukazaa mambo. Joram, msanii wa Maseno mwenye sauti nzito, akaona niko huru. Akaanza kuniletea samaki. Nikimwambia nina mtu, anacheka, kwa sababu huyo mtu hajawahi kuonekana. Nikamtumia Wechuli meseji:

"Joram ananitaka. Mwambie ukweli."

Akajibu: "Baada ya uzinduzi. Usiniharibie kazi."

Uzinduzi ukawa Jumapili mchana, Dunga, ufukweni mwa ziwa. DJ hakati biti, wasanii wanapokezana maikrofoni tu. Zamu yangu ilipofika niliimba na hasira zangu zote, na kumbe hasira zina utamu wake. Akina mama wanaokaanga samaki waliacha mafuta motoni wakaja mbele kucheza.

Aliyenifuata ni Joram. Hakuimba. Alivua kofia, biti ikiendelea chini chini.

— Bwana Wechuli, hapa mjini wewe ndiye ndugu wa huyu dada. Mbele ya hawa watu, naomba ruhusa nilete wazee kwenu.

Watu wakapiga nduru. Wechuli kule kwa mitambo akaniangalia nimwokoe. Thubutu. Nikachukua maikrofoni.

— Ndugu yangu, jibu mtu.

Akasema tuongee kando. Nikamwambia alinikana mbele ya watu, basi anitaje mbele ya watu. Nilimpenda huyo mwanaume, lakini angeninyamazia siku ile, ningeshuka jukwaani na kumwacha hapo hapo.

Alipanda polepole.

— Joram, nisamehe. Huyu si binamu yangu. Ni mpenzi wangu. Niliogopa mtasema nimembeba, na leo mmemsikia wenyewe, hajabebwa na mtu. Wazee watakaoenda kwao ni wangu.

Joram akarudisha kofia kichwani. Aliumia, niliona, lakini akampa Wechuli mkono na kumwambia angesema mapema samaki wangebaki kwake.

Sasa Kisumu, msanii akiwakosha watu, makofi hayatoshi. Wanataka wimbo uanze upya. Uwanja mzima ukapaza sauti:

— Rudisha! Rudisha!

DJ akakata biti, akaianza mwanzo. Wechuli ikabidi ashuke, apande tena, anishike mkono na kuyasema yote upya, na mara hii hata wavuvi waliokuwa majini walimsikia.