Mchi wa Siku ya Msiba

Mwaka ule wakimbizi walipojaa kambi ya Benaco, nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara. Malori kutwa, mashoka porini kutwa, na mdogo wangu Leonsia alikuwa anajiandaa na mtihani wa darasa la saba. Asome vipi?

Akabuni njia yake. Aliwasha redio katikati ya stesheni mbili, ikabaki inavuma tu. Akatundika kopo lenye tundu, maji yakawa yanadondoka kwenye beseni. Mama naye alitwanga muhogo mkavu nje ya dirisha. Sauti hizo zikichanganyika, kelele za barabarani zilimezwa, na Leonsia alisoma bila kuinua macho. Tulimcheka, lakini alianza kuongoza darasani.

Mtihani ulipokaribia, jirani yetu mzee Minani akafariki. Kwetu, maiti ikiwa haijazikwa, hakuna anayeshika jembe wala mchi. Mama akaacha kutwanga. Leonsia akashindwa kusoma, akalia.

"Mtihani ni kesho!" baba alifoka. "Minani ndiye atakayemfanyia?"

"Baba Leonsia, mzee wa watu bado yuko ndani," mama alinong'ona.

"Basi nitatwanga mwenyewe."

Kichwa ngumu yule! Mchana kweupe, waombolezaji wakipita, akashika mchi. Leonsia akatulia, akafungua daftari.

Baba alitwanga mpaka akachoka. Akaacha.

Mlio haukuacha.

Ulitoka redioni. Baba akaingia ndani, akaizima. Ukaendelea. Akatoa betri, akamwaga maji ya beseni. Ukaendelea, taratibu, mle mle chumbani. Mchi ulikuwa bado mkononi mwake.

"Baba, nyamaza," Leonsia alinong'ona, macho daftarini. "Huyu anatwanga vizuri kuliko wewe."

Mama akafanya ishara ya msalaba.

Leonsia alifaulu. Sekondari walimrudisha nyumbani muhula wa kwanza, maana hasikii mwalimu, hasikii kengele, hasikii hata jina lake. Anasikia mchi tu. Nikimlaumu baba, hunijibu, "Si amefaulu? Mnataka nini tena?" Mungu anisamehe, siwezi kula naye sahani moja.

Juzi Leonsia alikuwa amelala kifudifudi, nikamwekea kiganja mgongoni. Moyo wake ulikuwa unaenda mbio. Chini ya mapigo hayo kitu kingine, kizito, kilikuwa kinatwanga, wala hakina haraka.