Karembo Alikufa Akingoja Update

Watu wangu, hebu wekeni hizo kazi chini mniskize. Pale mtaa wa Free Area kulikuwa na nyumba moja tamu sana. Asubuhi Wariara anapika chai na maziwa ya kwa mama yake kijijini Kabazi, katoto kao Shiru kanachovya mandazi, na bwanake Jeff amefungua laptop hapo mezani. Jeff ndiye alitengeneza ile app ya wakulima: ng'ombe ikigonjeka unabonyeza mara moja, simu ya daktari wa mifugo inalia. Wariara naye alizunguka boma kwa boma kule Kabazi akiwaambia akina mama, "Wekeni, mimi nasimama nayo." Na kwa sababu ni Wariara, wakaweka.

App yenyewe inakaa kwa cloud, yaani mashine za kampuni fulani huko mbali. Jeff aliandika maagizo: akibadilisha kitu, mashine inachukua, inakagua, inaiweka hewani yenyewe. Lakini maagizo yalitaja version ya zamani, yaani toleo la kitambo la hizo mashine. Kampuni ikaandika: hiyo tunaifunga, hamia mpya. Ikaandika tena. Na tena.

"Baba Shiru, hawa watu wanataka nini kila saa?" Wariara akauliza.

"Achana nao, wanapenda tu kutisha watu. Kitu inatembea, unaigusa ya nini?"

Ati inatembea! Hata gari yenye breki imeisha inatembea, mpaka ifike mteremko.

Kisha Kiprotich, yule daktari wa mifugo app ilikuwa inampigia, akahamishwa, laini yake ya kazi ikazimwa, akaja Wamalwa. Wariara akampa Jeff namba mpya siku hiyo hiyo. Kubadilisha namba tu! Jeff akabadilisha, akatuma, mashine ikamrudishia alama nyekundu: version hiyo imefungwa, hatupokei. Akajaribu kuruka mpaka ile mpya kabisa. Akishika hapa, pale panavunjika. Na hewani bado iko app ya zamani, inapigia laini imekufa. Unajua alimwambia bibi yake nini?

"Iko sawa, mama Shiru."

Iko sawa! Kisa na maana, aibu.

Jumamosi asubuhi, Shosho Wamuyu, mama ya Wariara, akapata ng'ombe yake Karembo amezaa vizuri lakini amelala, shingo imepinda, masikio baridi. Hiyo ni homa ya maziwa, kila mkulima anaijua. Daktari akifika mapema na chupa ya calcium, ng'ombe inasimama. Shosho akabonyeza. App ikamjibu: daktari ameitwa. Akavaa gumboots akaenda kungoja kwa gate. Akabonyeza tena. Jua likapanda.

Aliposhindwa akampigia Wariara. Wariara akampigia Wamalwa moja kwa moja.

"Lakini mimi niko hapa karibu tu, Subukia, madam," daktari akasema. "Leo simu yangu haijalia hata mara moja kabla ya hii yako."

Alikuja mbio na pikipiki. Akapata Karembo ameshakata roho, ndama bado inamsukuma na pua inyonye.

Wariara na Jeff walipofika, majirani wamejaa. Wariara akamgeukia Jeff. "Uliniambia iko sawa! Mama yangu amesimama kwa gate akingoja mtu hajaitwa!"

"Mama Shiru, mashine ilikataa," Jeff akaanza. "Version ilikuwa imefungwa, sasa..."

Shosho akamkata. "Jeff, hiyo mambo ya version mimi sijui. Na mdomo yako, pia ilikataa?"

Jioni hiyo Wariara alirudi boma kwa boma, peke yake, akiwaambia akina mama watoe hiyo kitu kwa simu. Wengine walimsikiza wakiwa wamesimama mlangoni. Hakuna aliyemkaribisha chai.

MAFUNZO

Wewe unayejenga vitu vya kutegemewa na watu, sikia. Kutembea si uzima. Onyo likija, lisome. Panda version mpya pole pole ukiwa na nafasi, jaribu kando kwanza, usingoje ufungiwe ndio uanze kuruka ngazi. Na ukikwama, sema! Sema siku hiyo, watu watafute njia ingine. Aibu yako utaimaliza kwa wiki moja. Ng'ombe ya mama ya mtu hairudi.