Ubavu Usioonekana

Siku waliyokutana, foleni ya duka la miwani ilikuwa imetoka hadi barazani. Mwanamke alivaa gauni la kijani na viatu vya matope, na fremu ya miwani yake aliifunga kwa plasta ya kidonda. Fundi alimwona akikuza picha ya mdudu kwenye simu, akamuuliza kama huyo ndiye mchumba.

"Huyu ni kereng'ende," alijibu bila kuinua uso. "Na ana adabu kuliko wanaume wa hapa."

Fundi akacheka, akamtengenezea miwani yake kabla ya watu sita waliotangulia. Watu wakanuna. Penzi lao lilianza hivyo, kwa kuwadhulumu wengine, na wao wala hawakuona haya.

Mwanamke alifanya kazi makumbusho. Watu wa kawaida walituma picha za kereng'ende walizopiga kwa simu, naye akataja kila mmoja ni wa aina gani. Kazi ngumu, maana wengi wanafanana kama mapacha. Mwisho wa fomu aliandika neno moja kati ya mawili: labda, au hakika. Sheria ya ofisi ilikuwa kwamba picha isiyoonesha ubavu haiandikiwi hakika. Sheria hiyo aliwafundisha wageni kwa ukali, na wapiga picha wabishi aliwaumbua kwa raha zake.

Fundi naye akageuka mpiga picha. Kila mchana alituma kereng'ende mmoja, na simu ikalia papo hapo.

"Umemkata mkia tena, kipenzi."

"Mkono ulitetemeka. Nilikuwa nakuwaza."

"Basi niwaze ukiwa umeweka simu chini."

Mwaka haukuisha akamposa. Ndugu wa pande zote mbili wakafungua grupu la simu la kupanga harusi.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, fundi aliaga kwamba anakwenda bondeni kumuuguza mama yake. Kesho yake akatuma picha ya kereng'ende wa buluu juu ya unyasi, iliyopigwa kutoka juu. Mwanamke akaikuza. Aliona kiuno chembamba na doa jeusi kwenye ncha ya kila bawa. Kwa macho yake, huyo alikuwa kereng'ende wa vijito vya mlimani, na mlimani ndiko alikokaa mchumba wa zamani wa fundi. Bondeni nako kuna aina inayofanana naye kwa kila kitu, isipokuwa kwamba yenyewe ina mistari miwili ubavuni. Ubavu kwenye picha ile haukuonekana.

Angepiga simu akauliza, yangeisha. Hakupiga. Wivu ulimuuma, lakini alifurahia kuwa yeye ndiye ajuaye. Akaizungushia picha duara jekundu, akaitupa kwenye grupu mbele ya mashangazi na wajomba, akaandika kwamba mdudu huyo haishi bondeni, kwamba kijana wao yuko kwa mwanamke wake wa zamani mlimani, na kwamba ugonjwa wa mama ni uongo waliotunga mama na mwana. Akamalizia: "Hakika." Kisha akaizuia namba ya fundi na kwenda kulala.

Siku ya harusi ilipita kama siku nyingine. Wiki moja baadaye, mkuu wake wa kazi alikuwa akipitia picha zilizorundikana ofisini, akakuta kereng'ende yule yule, juu ya unyasi ule ule, safari hii kwa upande, akamwita mwanamke aitazame. Mistari miwili. Wa bondeni. Fundi alikuwa ameituma ofisini siku ile ile aliyozuiwa, bila neno lolote.

Mwanamke aliondoka bila kuaga. Alimkuta fundi dukani, amekonda, shati limempwaya, anasugua lenzi.

"Nilikosea," alisema. "Nipeleke kwa mama nikamwombe radhi."

"Tumemzika juzi."

Mwanamke akashika meza. Fundi aliendelea kusugua.

"Ujumbe wako wa grupu uliingia kwenye simu ya mama. Macho yalikuwa yamemwishia, akasema huyo ni mkwe ananijulia hali, nisomee kwa sauti. Nikaanza kusoma kabla sijajua umeandika nini."

"Ukaacha?"

"Alinikataza kuacha. Nilisoma mpaka neno la mwisho."

Mwanamke alilia bila kujificha. Wateja wakajifanya wanachagua fremu. Alipopata sauti aliuliza mama alisema nini.

"Alisema ni wivu tu, na kwamba amekusamehe. Akanishika mkono, akataka nimwahidi kuwa nitakuoa."

"Ukamwambiaje?"

Fundi aliinua lenzi kwenye mwanga, akaitazama kama ina doa.

"Nilimwahidi. Ndio uongo pekee niliowahi kumwambia mama yangu."