Sauti Iliyotoka Saluni

Siku za kazi, saluni ya Shangazi hujaa mapema. Kuna viti vitatu, kioo kirefu na rafu ya mafuta ya nywele. Wanawake husukwa, hucheka na kusengenya kidogo. Kinachosemwa humo hubaki humo.

Shangazi anaishi na binti wa kaka yake. Humwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Chiriku anasoma chuoni, na jioni anafanya kazi katika redio ya chuo. Redio hiyo inaendeshwa na wanafunzi wenyewe. Mmoja hutangaza, mwingine hukaa kwenye mitambo, mwingine huhariri. Kila mtu ana zamu yake. Taa nyekundu ikiwaka mlangoni, hakuna kuingia wala kukohoa.

Chiriku alipewa kipindi kipya, "Sauti za Mtaa". Siku moja alikaa saluni, simu yake ikiwa mapajani. Simu ilikuwa inarekodi. Hakumwambia mtu.

Aliyekuwa anasukwa ni keshia wa duka kubwa la jirani.

"Meneja wetu anajipulizia manukato," alisema, "mpaka nyanya zinapiga chafya!"

Saluni nzima iliangua kicheko.

Jumanne jioni maneno hayo yalisikika redioni. Meneja aliyasikia akiwa dukani, mbele ya wateja, na sauti ile aliijua. Kesho yake alimwambia keshia akae nyumbani mpaka aamue kama bado ana kazi.

Keshia alikwenda moja kwa moja saluni.

"Mwenzangu, nilikuja kusukwa au kuanikwa?" alimuuliza Shangazi. "Nina watoto mimi. Mmenitilia kitumbua changu mchanga!"

Tangu hapo wateja walipungua. Waliokuja walikaa kimya kama wako kwenye mtihani.

"Sikumtaja jina, Shangazi," Chiriku alijitetea.

"Mimi nikikuita gizani, huwa unaniuliza jina?"



Chiriku alikwenda kumweleza yote mkuu wa vipindi wa redio, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Wenzake walimwita Breki, kwa sababu alisimamisha vipindi vingi kabla havijaenda hewani. Wiki ile alikuwa mgonjwa, na kipindi cha Chiriku kilipita bila yeye kukisikiliza.

"Uliwaomba ruhusa?" Breki aliuliza.

"Hapana. Ningeomba, wasingesema kwa uhuru."

"Basi hayakuwa maneno yako ya kutangaza. Sauti ni ya mwenyewe. Unaweka kinasa sauti mezani, kila mtu akione. Unasema wewe ni nani, na maneno yatakwenda wapi. Mtu akikataa, unazima. Akikubali leo, akaghairi kesho kabla ya kipindi, unamtoa."

"Nitaomba radhi hewani leo hii."

"Polepole. Ukiurudia ule utani, utakuwa umemtangaza mara ya pili. Kwanza nenda kwake, umuulize anataka nini. Na kipindi chako si kinarudiwa Jumamosi?"

Chiriku alishika kichwa. Marudio alikuwa ameyasahau kabisa.

Waliingia chumba cha mitambo. Breki alikiondoa kipindi kwenye ratiba, akakifuta pia kwenye tovuti ya redio. Mahali pake aliweka muziki.

"Redio haiachwi kimya," alisema. "Msikilizaji akisikia kimya, anahama."

Kisha walikwenda kwa keshia. Aliwapokea mlangoni, hakuwakaribisha ndani.

"Nisamehe, mama," alisema Chiriku. "Nilikurekodi bila kukuambia. Kosa ni langu."

"Msamaha hauwashi jiko. Nenda ukamwambie meneja hayo hayo."

Meneja aliwasikiliza akiwa amesimama. Chiriku alimweleza kwamba yale yalikuwa mazungumzo ya saluni, hayakuwa mahojiano. Redio haikuwa na haki ya kuyatoa.

"Kwa hiyo hakujua kama anarekodiwa?"

"Hakujua."



"Arudi Jumatatu," alisema meneja. "Lakini mwambieni, nyanya zangu hazina mafua."

Jioni ile redio ilisoma radhi fupi. Ilisema ilitangaza mazungumzo ya watu bila idhini yao, na haitarudia. Haikutaja duka wala utani.

Wiki iliyofuata, Chiriku aliweka kinasa sauti juu ya meza ya saluni, katikati ya vitana. Alieleza kwamba kipindi kinahusu kazi za kusimama kutwa.

"Mimi sitaki," alisema mteja wa kwanza.

"Sawa, dada."

Wa pili naye alikataa. Chiriku hakuwabembeleza. Shangazi aliendelea kusuka kana kwamba hasikii.

Keshia alikuwa akisubiri zamu yake. Alikitazama kile kinasa sauti.

"Nikisema, nitasikiliza kabla kipindi hakijatoka?"

"Utasikiliza. Utakachokataa, nitakitoa."

"Haya, washa. Nitasema habari za miguu yangu tu. Meneja simtaji, hata kwa sifa!"

Wanawake walicheka, na Shangazi pia.

Keshia alieleza jinsi miguu inavyovimba, na jinsi anavyoipumzisha jioni juu ya mto. Alipomaliza alisikiliza yote, kisha akasema sentensi moja itolewe. Chiriku aliitoa mbele yake.

Jumanne jioni saluni ilikuwa imejaa. Keshia alipita akitoka kazini, akasimama mlangoni. Sauti yake ilikuwa inatoka redioni, chini chini.

"Mwenzangu," alimwambia Shangazi, "mbona umeipunguza? Ongeza sauti!"