Nati ya Gurudumu la Nne

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo."

"Nimeshikilia, mwalimu. Au mpaka niandike barua ya maombi?"

Hiza alicheka akiwa amelala chini ya gari. Ilikuwa Jumapili, saa saba na nusu mchana, uani kwao Masuguru. Gari lilikuwa dogo, la Kifaransa, la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Mwalimu huyu wa fizikia alikuwa ameling'oa kiti cha nyuma na mazulia ili liwe jepesi, akafupisha springi lilale chini, akaliwekea kabureta kubwa. Yote hayo kwa ajili ya mashindano ya magari ya Mazinde, kwenye barabara za shamba la mkonge. Zilibaki breki tu.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedeli na kushikilia. Mwingine analegeza nati kwenye gurudumu, mafuta yanaruka na mapovu yake, anakaza. Ndipo wa kwanza anaachia. Akiachia kabla nati haijakazwa, upepo unarudi na kazi inaanza upya. Yuditha, mkewe, alikanyaga pekupeku, kiti kimevutwa mbele kabisa, kwa kuwa miguu yake ilikuwa mifupi.

Miaka ile magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ndiyo maana Hiza alichagua Jumapili. Gari lisingehitajika kwenda popote.

Walimaliza magurudumu matatu.

"La nne lingoje kidogo," Yuditha alisema. "Tumbo linanikata."

Saa nane na robo alikuwa sakafuni, midomo imepauka. Hiza alikimbia kwa Sadala, jirani mwenye pikapu.

"Mwalimu, saa nane imepita," Sadala alinong'ona, akiangalia barabarani. "Niletee kibali. Hata cha balozi wa nyumba kumi."

Balozi alikuwa shambani. Wakampeleka Yuditha hospitali kwa mkokoteni. Daktari alisema mimba changa ilikuwa imetunga nje ya kizazi, ikapasuka. "Angefika nusu saa mapema," alianza. Hakumalizia.

Matanga yakaondolewa. Nguo zikagawiwa.

Jumapili ya saba baada ya maziko, mchana, Hiza alitokea uani na spana. Alitaka kuliuza lile gari lisikae mbele ya macho yake tena, na gari lisilo na breki haliuziki. Akalala chini kwenye gurudumu la nne, akatia spana. Kisha, kwa mazoea tu, neno likamtoka.

"Kanyaga."

Kuku walikuwa wakichakura karibu na ukuta. Wakanyamaza.

"Nimekanyaga."

Sauti ilitoka juu yake, kwenye kiti.

Akalegeza nati. Mafuta yakamrukia mkononi, yakiwa na mapovu. Akakaza. Pedeli ikapanda, aliisikia.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Mapovu yalikuwa machache.

Mara ya tatu mafuta yalitoka safi. Kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kukaza.

Hakukaza. Nati ikiwa wazi, mguu hauinuki. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Yuditha."

"Nimeshikilia."

"Usiachie."

Kivuli cha gari kikasogea. Mkono wa Hiza ukafa ganzi. Juu yake bati lilianza kutetemeka, taratibu, kama linavyotetemeka paja la mtu aliyekanyaga muda mrefu.

"Funga, mwalimu. Nimechoka."

Mtetemo ukazidi.

"Nimechoka."

Akakaza.

Pedeli ikapanda. Hakusikia mlango ukifunguliwa. Alikaa pale chini mpaka machozi yakamkauka masikioni.

Kulipokucha alifungua gari. Jioni ya maziko alikuwa amekirudisha kiti nyuma kwa mikono yake mwenyewe. Sasa kilikuwa mbele kabisa. Raba ya pedeli ilikuwa na unyevu wa jasho.

Aliikandamiza kwa mkono. Ilikuwa ngumu, haikushuka. Breki zote nne zilikuwa kamili, na gari lilikuwa tayari kwa mnunuzi.

Akachukua spana. Akalala chini, akazunguka gurudumu moja baada ya jingine, akalegeza nati zote nne, akayaacha mafuta yamwagike mchangani na upepo urudi.