Jina Lililosomwa Kaburini

Nzisa alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko, akisugua kwa jivu sufuria kubwa ya matanga, Fondo alipokuja akasimama kando yake, viatu mkononi, udongo wa makaburini ungali miguuni. Jua lilikuwa linashuka. Fondo, mdogo wa mumewe, alikuwa mtu wa mzaha hata msibani. Jioni hii hakuwa nao.

"Shemeji," alinong'ona, "talkini imesomwa kwa jina la Kahaso."

Mkono wa Nzisa ulisita juu ya masizi. Kahaso ni bintiye, na yuko ndani, mzima.

Aliyezikwa alasiri ile alikuwa Esha, binti wa wifi yake Mwanakombo, na Mwanakombo aliolewa Horohoro, upande wa Tanzania. Esha alivushwa mgonjwa kwa njia za panya, kwa kuwa hospitali ya upande huu ilikuwa karibu, na Dzombo, mume wa Nzisa, alisema damu haijui mpaka. Esha hakuwa na karatasi hata moja ya Kenya. Wakampa kitambulisho cha Kahaso. Wasichana wale walilingana umri, na sura zao kama waliotoka tumbo moja. Mpakani hakuna aliyeona ajabu. Shangazi hujifungua kwa kadi ya mpwa, mjomba hushonwa kidonda kwa jina la jirani. Watu hutibiwa, hupona, hurudi kwao.

Esha hakupona. Alikufa na jina lisilo lake.

Kibali cha maziko kikatoka na jina la Kahaso. Kumvusha maiti kwa karatasi ile kungewafunga wote, ndiyo maana akazikwa hapa hapa. Fondo alieleza kwamba naibu wa chifu, mtu wa bara aliyehamia juzi, alisimama kaburini na kibali mkononi. Mwalimu wa kusoma talkini naye alikuwa mgeni, ameazimwa kutoka Ramisi. Aliuliza jina la marehemu na la mama yake, maana maiti huitwa kwa mama, akumbushwe la kuwajibu malaika. Naibu akasoma jina. La mama akaulizwa Dzombo. Watu wa kijiji wakatazama chini, kila mmoja na kadi zake nyumbani.

Dzombo akasema, "Nzisa."

Ewe Kahaso binti Nzisa. Mara tatu.

Nzisa akakumbuka...

Alasiri, Kahaso alikuwa akimenya vitunguu. Ghafla akainua kichwa. "Labeka," akasema. Nzisa akamwambia hakuna aliyemwita. "Labeka," akasema tena. Mara ya tatu aliweka kisu chini kwanza, akaitika kwa adabu, kama anayeitwa na mkubwa asiyemjua. Kisha akasema anahisi baridi, akaenda kulala.

Nzisa aliiacha sufuria ikapinduka, akaingia ndani.

Kahaso alikuwa amelalia ubavu, uso ukutani. Kabla ya kumgusa, harufu ilimfikia.

Kafuri.

Msichana hakuwa amekaribia alikooshwa maiti. Nzisa alimshika mguu. Ulikuwa baridi kama tumbo la mtungi.

Alimuuliza Fondo linatenguliwaje jambo hili. Fondo hakujua, mwalimu alikuwa ameshapanda pikipiki kurudi kwao. Labda, alisema, marehemu aitwe kwa jina lake. Nzisa alilelewa kanisani, talkini haijui. Lakini alijua kosa hurekebishwa pale lilipofanyika. Akajitanda leso, akatoka.

Wanawake hawaendi makaburini. Alikwenda. Fondo alimfuata mpaka kwenye ua wa minyaa, akakomea hapo.

Upepo ulikuwa umekatika. Nzisa alipiga magoti kwenye tuta jipya.

"Wewe ni Esha binti Mwanakombo. Mwachie mwanangu jina lake."

Akatega sikio.

Akarudia. Udongo ulinuka ubichi, kama shamba lililolimwa asubuhi.

Akarudia mara ya tatu.

Chini... kitu kilikwaruza.

Ikatoka sauti nyembamba, kama inayopita kwenye nguo. Haikusema Kidigo, wala Kiswahili. Ilisema Kikamba, lugha ya kwao Nzisa, ambayo katika nyumba ile waliijua wawili tu, yeye na Kahaso. Ikamuuliza mbona kuna giza. Ikamuuliza mbona anamwita kwa jina la Esha.

Nzisa alichimba. Alichimba kwa kucha, kama mbwa, mpaka Fondo akamkamata kwapani akamvuta nyuma. Nzisa alimuuliza kama amesikia. Fondo alisema hakusikia kitu, huku meno yakimgongana.

"Kahaso yuko kitandani, shemeji, tumemwacha sasa hivi. Humo utamfukua Esha, na kesho tutalala ndani sote."

Walimkuta Kahaso ameamka. Alikuwa amepika wali, ametandika mkeka, amewanawisha wadogo zake, Boga na Sanga. Mwanakombo, ambaye tangu Jumatatu hakumeza hata tonge, alikuwa akila, bega lake limeegemea bega la Kahaso. Hakumtazama Nzisa.

Nzisa aliinama, akamwambia mwanawe kwa Kikamba, polepole, amwonyeshe mikono yake.

Kahaso aliinua uso. Akatabasamu kwa upole, akangoja, kama mtu anavyomngoja mgeni aseme tena kwa lugha ya wote.

"Kaa ule, Mama Kahaso," alisema Dzombo bila kuinua macho. "Tumetimia."

Nzisa akakaa. Akawahesabu. Dzombo. Fondo. Mwanakombo. Boga na Sanga. Kahaso, anayempakulia. Akarudia hesabu kuanzia mwisho, ikatoka vilevile. Udongo ulikuwa umemjaa kwenye kucha, na sahani ilikuwa mbele yake, na hakujua angemwinua nani ashike jembe waende kuchimba, ilhali nyumbani mwake hakukosekana hata mmoja.