Mguu Sawa Barazani

Wewe, mtu uliyemzika akija kusimama mlangoni kwako na kuomba ruhusa ya kuingia, utamfungulia? Usijibu haraka. Wengi husema wangekimbilia kwa padri. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa jikoni, kikombe cha chai mkononi, na watoto wako wote wapo hai.

Evarista alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Ipogolo, mwanamke wa kuchoma watu sindano na kuwaambia ukweli, na kwa miaka mingi alizoea kurudi nyumbani giza likiwa limeshaingia, hata Jumapili. Mwezi wa saba alichukua likizo. Ndipo alipokuwa nyumbani alasiri kwa mara ya kwanza tangu msiba, na ndipo alipogundua kwamba mume wake ana jambo analolifanya kila siku yeye akiwa kazini.

Ilipokaribia saa kumi, Zabron aliacha chochote alichokuwa akikifanya, hata kama ni kula. Alifunga mlango wa mbele kwa komeo, akafungulia redio mpaka mwisho, akakaa kwenye kochi akiupa mlango mgongo. Mikono juu ya magoti, kidevu juu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Baba Ezron, hiyo redio unawasikilizisha watu wa Kihesa?"

"Taarifa ya habari, Mama Lusia."

"Hilo ni tangazo la mbolea."

"Habari zinakuja baada ya mbolea."

Mama Lusia. Lusia ni mtoto wao wa pili, yuko chuoni Mbeya. Tangu Evarista alipojifungua kwa mara ya kwanza, Zabron hakuwahi kumwita kwa jina jingine ila Mama Ezron. Siku waliyotoka makaburini kumzika Ezron akabadilisha, bila tangazo wala maelezo, kama watu wanavyobadilisha kitasa.

Evarista alikuwa anajiandaa kumjibu aliposikia kitu chini ya kelele za redio. Mtu anatembea uani. Si kutembea kwa mgeni anayetafuta mlango, hapana, ni hatua zilizopimwa, kisigino kwanza, zikija moja kwa moja kutoka getini.

"Nani huyo?"

"Watoto wa jirani."

"Jirani gani? Mzee Andendekisye ana miaka themanini."

Zabron alizidi kunyoosha mgongo. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

Inafaa nikwambie Zabron alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa sajenti, mwalimu wa kwata, yaani kazi yake maisha yote ilikuwa kuwafundisha makuruta kusimama, kugeuka na kupiga saluti. Alistaafu jeshi, lakini kwata haikumtoka. Wanaume wengine huwabeba watoto wao mabegani. Zabron aliwakagua vifungo. Ezron na Lusia walichota maji bombani kwa gwaride, ndoo kichwani, mkono mmoja ukipanda mpaka usawa wa bega. Na mtoto akitaka kuingia chumba alichomo baba, ilibidi asimame mlangoni, apige mguu chini, aseme, "Ruhusa kuingia, Afande!" Kisha asubiri. Akisikia "Ingia," anaingia. Asiposikia, anabaki pale pale, mguu sawa, hata kama chakula kinapoa.

Wageni walicheka. Watoto nao walicheka, walidhani ni mchezo, na kwa kweli ulikuwa mchezo, kwa sababu baada ya "Ingia" palikuwa na mapaja ya kukalia na mkate wa kugawana. Upendo wote wa mwanamume yule ulipitia kwenye amri. Njia nyingine hakuwahi kuonyeshwa.

Ezron alipenda lakini hakuweza. Mguu wake wa kulia haukuwa na mapatano na mwenzake. Kila aliposimama, wa kushoto uligonga na wa kulia ukafuata ukiwa umechelewa, pa... pa. "Ezron!" baba yake alifoka, "huo mguu wako unakuja na basi la kesho?" Na kijana akacheka mpaka machozi, akarudia, akakosea tena.

Na miguu hiyo hiyo akaenda nayo jeshini, kambi moja kupita Mbalizi. Zabron alimtangaza buchani, kilabuni, kanisani. Mwaka jana mwezi wa nne akafa. Simu za kambini zote alipokea Zabron, na ndiye aliyemweleza mkewe. "Homa ya ghafla. Usiku mmoja tu." Evarista alilia, akaosha maiti ya mwanawe, akarudi kazini. Watu walimsifu kwa kujikaza. Hakuwa amejikaza. Alikuwa hajui akae wapi.

Kesho yake, saa kumi ilipokaribia, Evarista alitangulia kwenye redio akang'oa waya ukutani.

"Rudisha," Zabron alisema kwa sauti ya chini.

"Sirudishi. Nataka kusikia."

"Mama Lusia, nakuomba."

Nje malori ya barabara kuu yalikuwa yakihema kuelekea kwenye mteremko. Halafu geti likalia, ingawa komeo lake lilikuwa limefungwa, na hatua zikaja juu ya changarawe, zikapanda kwenye saruji ya baraza, na kadiri zilivyokaribia ndivyo harufu ilivyotangulia kuingia chini ya mlango, kwanza dawa ya viatu, nyeusi na kali kama ilivyokuwa ikinuka nyumba nzima kila Jumapili asubuhi, kisha chini yake harufu nyingine ambayo muuguzi yeyote anaijua hata akiwa usingizini, harufu ya shuka la mtu aliyetokwa na jasho la homa usiku kucha na hakuna aliyembadilishia, na hapo hatua zikasimama, mguu wa kushoto ukagonga, na Evarista akajikuta ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshajua kinachofuata kabla masikio hayajakisikia.

Pa... pa.

"Ruhusa kuingia, Afande."

Sauti ya chini, ya kukwaruza, ya adabu.

Evarista alivuta komeo na kufungua. Hapakuwa na mtu. Jua la baridi lilikuwa limelala juu ya baraza kavu, na juu ya saruji palikuwa na alama mbili za buti zilizolowa, visigino vimegusana, vidole vimeachana, zikiutazama mlango. Hakuna alama zilizokuja. Hakuna zilizoondoka.

"Ingia, baba," alisema. "Ingia mwanangu. Ni mimi."

Akasubiri. Upepo haukupuliza. Kisha sauti ikatoka pale pale mbele ya uso wake, ikampita begani kuelekea ndani ya nyumba, kama vile yeye ni pazia tu:

"Ruhusa kuingia, Afande."

Zabron alikuja mbio akausukuma mlango ukajifunga. "Usiseme nalo! Hilo ni jini. Limeiba sauti ya mtoto."

"Jini gani linaloomba ruhusa?"

"Majini yana hila."

"Hila! Zahanati nimeletewa watu waliopagawa, Baba Ezron. Hakuna hata mmoja aliyebishiwa hodi kwanza."

"Nitamwita mtumishi wa Mungu alifukuze."

"Ukimfukuza huyo, atakwenda wapi?"

Jioni ile hawakula. Walikuwa mke na mume wawili tu ndani ya nyumba, mmoja akitaka aliyeko mlangoni afukuzwe na mwingine akitaka aingie, na Evarista aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa jini lolote. Aliogopa kwamba maombi yatafanya kazi. Kwamba mtoto ataondoka kabla hajaambiwa hata neno moja.

Nabii Yotamu alifika kesho yake na bodaboda, spika kubwa ikiwa imefungwa nyuma kwa mipira, suti ya zambarau, viatu vyenye ncha ya kuweza kutoboa tairi. Kanisa lake lilikuwa turubai kando ya barabara kuu.

"Kamwene, mama!"

"Kamwene, Nabii. Hiyo spika ya nini? Sebule yenyewe hatua tano."

"Mapepo yana viburi, mama. Yanahitaji sauti."

Akaweka spika barazani, akavuta waya mpaka ndani, akashika kipaza sauti. Alipaka mafuta kila kona. Alikemea roho za mizimu, roho za barabarani, roho za ajali, na roho nyingine ambazo Evarista alihisi zinatungwa hapo hapo. "Tokaaa! Nasema toka ndani ya nyumba hii!" Zabron alikuwa amepiga magoti katikati ya sebule, macho ameyafumba, akiitikia "Amina" kama anayejibu amri.

"Nabii," Evarista alisema. "Nabii, nisamehe. Hayumo humu. Yuko nje. Unamtoaje mtu ambaye hajaingia?"

Nabii akaweka kipaza sauti dirishani ili ajifute jasho. Na geti likalia.

Hatua zilipita changarawe, zikapanda baraza. Pa... pa. Ile spika ikakwaruza yenyewe, ikavuma kidogo, halafu ikaanza kutoa pumzi. Mtu alikuwa anapumua ndani yake. Fupi fupi, za juu juu, kila pumzi ikikatwa njiani na maumivu ya ubavu, na mwisho wa kila moja kitu kikivunjika taratibu kama majani makavu chini ya unyayo, na kilio kidogo sana, cha mtu anayejitahidi asisikike, na mabati yakaanza kutikisika kwa ile pumzi iliyokuzwa, na mtaa mzima wa Ipogolo ukaisikia bila kujua inachosikia, mbwa wakanyamaza, Nabii akarudi nyuma mpaka akagonga kabati la vyombo, na Evarista peke yake akasogea mbele, akainamisha kichwa kuelekea dirishani kama anavyoinama kila siku kwenye vifua vya watu, akasikiliza.

Alisikiliza kama mama mpaka akashindwa. Ndipo akasikiliza kama muuguzi.

"Mapafu," alisema. "Yote mawili yamejaa."

"Mama," Nabii alinong'ona, "mimi nina ibada Mafinga." Na akatoka kwa mlango wa jikoni, spika akaiacha inapumua.

Evarista alichomoa waya wa spika. Pumzi haikukoma. Ilibaki ndogo, ya kawaida, nyuma ya mbao za mlango.

"Baba Ezron. Ulisema homa ya usiku mmoja."

Zabron alikuwa bado amepiga magoti.

"Nimefanya kazi hii toka sijaolewa. Mtu hafiki kupumua hivyo kwa usiku mmoja. Mtoto huyu aliumwa siku nyingi. Nani alijua?"

"Nyamaza, mke wangu."

"Nani alijua?"

"Ruhusa kuingia, Afande," ilisema sauti ya nje.

"Muda wote huu," Evarista alisema, na sasa alikuwa ananong'ona, "mimi nikiwa zamu, anakuja, na wewe unafungulia redio. Haniombi mimi. Nimemwambia aingie na hakunisikia. Anakuomba wewe. Mwambie aingie."

"Siwezi."

"Neno moja tu. Umelisema nyumba hii mara ngapi?"

"Siwezi, Mama Ezron. Nitamwambiaje leo?"

Aliinuka kwa shida, akishika kochi. Alitembea mpaka mlangoni, akaweka paji la uso kwenye mbao, na upande wa pili pumzi ikasogea karibu, mpaka mbao zikawa zinapumua kwa watu wawili. Alipozungumza hakuzungumza kama sajenti. Ilikuwa sauti ambayo Evarista hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote.

"Alikuja," alisema. "Kabla hajafa. Mvua inanyesha, saa kama hizi, wewe uko kazini. Alitoroka kambini akapanda basi la kutoka Mbeya, akashuka barabarani pale, akatembea mpaka hapa. Akasimama akaomba ruhusa. Nikamwona dirishani anatetemeka. Nikasema huyu anatega, anajifanya mgonjwa akwepe kazi. Nimefundisha wategaji wengi, wote hutetemeka. Nikawaza watu wa buchani watasema nini."

"Ulimfungulia?"

"Sikumfungulia. Nilimpa amri nikiwa humu humu ndani. Arudi kambini na basi la kwanza. Akasema ndiyo, Afande. Halafu akaniomba kitu kimoja, apite zahanati akuone wewe, akuone tu, ndipo aende." Zabron alipiga mbao kwa kichwa, taratibu. "Nikamkatalia. Mimi ndiye niliyemrudisha, Evarista. Alikuja kwetu akiwa hai, nikamrudisha akafe."